Soseji, Mawe na Wimbi la Pili

Hotuba ya Rais ya tarehe 4 Novemba 2020 nimeisoma mara tatu, na sio kwa sababu nimekosa kazi ya kufanya. Naisoma kwa sababu mwaka huo hakukuwa na kitabu, wimbo wala filamu iliyosubiriwa na Wakenya kama hotuba hizo za korona. Mwandishi gani wa hapa kwetu amewahi kupata hadhira ya namna hiyo? Matatu ilizima muziki, kinyozi alishusha mashine, ploti nzima ilinyamaza, watu walitaka kujua kama kesho yake wangeruhusiwa kutoka Nairobi. Maandishi yenye nguvu hivyo yanastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote. Kama takwimu ziko sawa, hiyo ni kazi ya madaktari. Mimi nataka kuuliza tumesimuliwa hadithi gani, nani yumo ndani yake, na nani katolewa mlango wa nyuma kabla msimulizi hajaanza.

Takwimu zenyewe hazikuwa mchezo. Oktoba pekee ilileta maambukizi mapya kama 15,000 na vifo kama 300. Kiwango cha wanaopatikana na virusi kati ya wanaopimwa kiliruka kutoka karibu asilimia 4 mwishoni mwa Septemba hadi asilimia 16. Kwa hivyo kama ulifungua ukurasa huu ukitarajia nikwambie korona ni stori za jaba, pole, umeshukia steji isiyo yako. Watu walikufa, na wengine wao walikuwa madaktari na wauguzi waliotakiwa kututibu sisi.

Jibu la Rais lilikuwa la katikati. Hakufunga kaunti yoyote. Kafyu ilirudishwa ianze saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, mpaka tarehe 3 Januari. Baa zifunge saa tatu, mikutano ya siasa isimame kwa siku 60, na asiye na barakoa asihudumiwe popote. Lokdauni yenyewe, ile iliyofunga Nairobi na Pwani kuanzia Aprili hadi Julai, iliachwa nje ya mlango. Lakini sote tuliisikia ikikohoa hapo nje.

Neno lililobeba hotuba, na vichwa vya habari vyote vilivyofuata, ni wimbi. Wimbi la pili. Kwa sisi tuliolelewa bara neno hili lina utani wake, maana wimbi kwanza ni uji. Jirani yangu aliposikia wimbi la pili linakuja aliniuliza kama safari hii serikali itatoa na sukari. Kwa mtu wa Pwani, lakini, wimbi si tamathali ya usemi. Ni kitu anachoamka nacho. Mvuvi wa Lamu au wa Shimoni anajua kusi ikivuma bahari itachafuka, na kaskazi ikifika itatulia. Akiona wimbi, haishii kusema limekuja. Anaangalia upepo.

Kwenye Kiswahili cha korona, upepo umefutwa. Wimbi linakuja lenyewe, linatukumba, linatupiga, linapita. Halina aliyelisukuma. Na ukishakubali neno hilo, umeshakubali nusu ya hadithi kabla hujaisikia: kwamba kilichotokea Oktoba ni hali ya hewa.

Haya, tutafute upepo. Tarehe 28 Septemba baa zilifunguliwa na kafyu ikasogezwa hadi saa tano usiku. Oktoba ikawa mwezi wa siasa. Ripoti ya BBI ilikabidhiwa kule Kisii tarehe 21, ikazinduliwa Bomas tarehe 26, na mwezi mzima watu wa handisheki na watu wa hasla walikuwa juu ya magari, wakihutubia watu waliobanana kama abiria wa jioni, barakoa kidevuni. Haki ya hotuba niitoe: wanasiasa wamo. Mikutano yao isingesimamishwa kama ingekuwa haina neno. Ila angalia sarufi. Mikutano inasimamishwa, kwa kauli ya kutendwa, kama taa za barabarani zinavyozimwa asubuhi. Anayekaripiwa moja kwa moja, usoni, ni mwananchi. Na karipio lenyewe, tangu Oktoba, kwenye taarifa baada ya taarifa, limevaa nafsi ya kwanza wingi: tumelegea, tumesahau, tumezoea. Sisi na nani? Mwenye gari la spika kumi na mama anayeuza sukuma pale steji wamesukumwa ndani ya kiambishi kimoja, tu-, kama vile walilegea pamoja, siku moja, kwa kiasi kimoja.

Rais hakubuni utanzu huu. Alirithi kutoka Afya House.

Kuanzia 13 Machi, siku Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza, tulipata tamthilia ya kila siku, na umbo lake halikubadilika kirahisi. Sampuli zilizopimwa. Waliopatikana. Mgawanyo wa kaunti, kisha wa mitaa, na hapo kila mtu anakaa wima kusikia kama kwao kumetajwa. Waliopona. Waliofariki, na rambirambi. Halafu, takwimu zikiisha, makaripio. Mwanzoni tulimpenda. Lile onyo lake kwamba tukiendelea kuishi kama kawaida, ugonjwa huu hautatuchukulia kama kawaida, lilizunguka kwenye kila simu, na hata leo nadhani ndiyo sentensi bora ya kisiasa ya mwaka huo. Ina mizani, ina kitisho, na haimdharau anayeisikiliza. Shida ni kwamba baada yake kila taarifa ilitaka kuwa na sentensi yake, na sentensi rahisi kuliko zote kutunga ni ya kumlaumu asiyekuwepo chumbani.

Ndiyo tukafika kwenye soseji. Julai mikahawa ilikuwa imefunguliwa, baa bado zimefungwa, na watu wakagundua kwamba ukiwa na sahani mbele yako chupa haiulizwi. Waziri akasimama mbele ya taifa kuwakemea wanaoagiza soseji ili wapate kunywa pombe. Kama fasihi, kipande kile ni kitamu, sikatai. Soseji ile ni sungura wa hadithi za bibi: ndogo, haina nguvu, lakini imempita fisi. Nchi ilicheka, mimi pia. Baadaye tu ndipo nikajiuliza ni picha gani ya raia iliyochorwa pale. Ni mtoto. Mtoto mjanja anayeiba sukari mama akigeuka.

Mwezi uliofuata tukaanza kusikia habari za KEMSA, na kufikia Septemba Mkaguzi Mkuu wa Serikali alikuwa anahoji ununuzi wa vifaa vya korona wa thamani ya Sh7.8 bilioni. Ulinganisho huu naurudia kichwani kila mara. Soseji ilipata sauti, mikono, uso uliokunjwa, mzaha, karipio. Bilioni saba zikapata lugha ya uchunguzi unaoendelea. Sitaki kusema mtu wa soseji hakuwa na kosa. Watu walijazana kwenye vile vyumba bila hewa na wengine waliugua. Nasema tu msimulizi alionyesha kipaji chake pale, na pale pengine akakificha.

Kuna jambo la lugha ambalo nalo limenikera kwa muda mrefu, hata kabla ya korona. Marais wetu wana mazoea: karatasi inasomwa kwa Kiingereza, na karatasi ikikunjwa ndipo Kiswahili kinatoka. Sikukuu za kitaifa huenda hivyo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mabegani. Taarifa za korona kwa sehemu kubwa zilirithi mgawanyo huo. Takwimu, mikakati, mabilioni na ratiba za hospitali kwa Kiingereza. Jameni vaeni barakoa, kwa Kiswahili. Kwa hivyo lugha ambayo watu wengi wanaielewa ikawa lugha ya kuonywa, na lugha ya wachache ikabaki kuwa ya kuelezwa. Kile kiwango cha asilimia 16 nilichokitaja hapo juu nimelazimika kukizungusha kwa maneno manane, kwa sababu miezi minane ilipita na hakuna aliyejisumbua kukipa jina ambalo kondakta angeweza kulitumia. Halafu tulishangaa mtaani watu wakisema hawaoni huyo mgonjwa yuko wapi.

Na si kwamba Kiswahili hakiwezi. Barakoa yenyewe ni neno la zamani, la Pwani na Zanzibar, la kile kifuniko cha uso walichovaa wanawake wenye asili ya Oman. Lilikuwa limelala kwenye kamusi. Mwezi mmoja tu wa kuhitajika, na Kitale walikuwa wanalisema kama wamezaliwa nalo, hata bei ya barabarani ikashuka na kitu chenyewe kikawa shilingi kumi. Faini ya kutokivaa, kwa kumbukumbu, mwaka 2020 ilikuwa hadi Sh20,000 au jela miezi sita.

Sasa, lokdauni. Nadhani hofu iliyokuwepo wakati huo ilikuja na picha kabla ya kuja na maneno. Ufaransa ilijifungia tena tarehe 30 Oktoba, England tarehe 5 Novemba, na sisi tukatazama barabara za Paris zikiwa tupu kwenye runinga huku tukihesabu siku. Tulifanya hivyo Machi pia. Kila mara tunaonyeshwa filamu ya jirani kama kionjo cha yetu. Ila filamu hizo zina kipande ambacho huwa hakitafsiriwi. Uingereza, mfanyakazi aliyeambiwa akae nyumbani kwa sababu ya korona alikuwa akilipiwa na serikali hadi asilimia 80 ya mshahara wake, kwa kiwango kilichowekwa. Hapa kwetu wanaopata chini ya Sh24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mshahara, na VAT ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Mwenye payslipu aliona tofauti. Anayeuza mitumba Gikomba alisamehewa kodi ya mshahara ambao hajawahi kuuona. Kazi Mtaani iliwachukua vijana wa mitaa ya mabanda wafyeke na wazoe taka, wakati huo kwa Sh455 kwa siku, na naijua nyumba ambayo pesa hiyo ndiyo ilikuwa unga. Lakini takwimu za serikali yenyewe zinasema zaidi ya watu milioni 1.7 walikuwa hawana tena kazi kufikia mwisho wa Juni. Hiyo ni Nairobi moja ndogo.

Kila maandishi yana msikilizaji wake aliyefichwa ndani. Amri ya Kaa nyumbani ina mtu ndani yake, na ukisoma polepole unamwona: ana mlango unaofungika, friji, maji ya bomba, mshahara unaoingia bila yeye kutoka, na chumba cha pili cha kujitenga akianza kukohoa. Sina chuki naye. Wengine wetu tunaosoma magazeti haya ya mtandaoni ni yeye, au karibu. Lakini amri ilitangazwa kwa watu wote, na wengi walipoisikia waligeuka nyuma kuangalia nani anayeongeleshwa.

Tarehe 4 Mei tingatinga ziliingia Kariobangi, kwenye ardhi iliyosemekana ni ya kampuni ya maji, na maelfu ya watu wakavunjiwa nyumba. Ilikuwa msimu wa mvua. Kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni, na Nairobi ilikuwa imefungwa, maana yake hata ushago hawangeweza kwenda. Serikali iliyosema kaa nyumbani ndiyo hiyo hiyo. Ningekuwa natunga riwaya ningeifuta sura hiyo, mhariri angesema nimezidisha.

Na kabla ya hapo, siku ya kwanza kabisa ya kafyu, 27 Machi, abiria wa feri pale Likoni walipigwa na kurushiwa vitoa machozi saa za kafyu hazijafika, wakiwa njiani kurudi nyumbani walikoambiwa waende. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi na kufa akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Huyo hakuwa barabarani. Hakuwa ameagiza soseji. Alikuwa nyumbani. Rais aliomba radhi kwa ukatili wa polisi tarehe 1 Aprili, na bado kufikia mwanzo wa Juni IPOA ilikuwa na vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze.

Ndiyo maana mtu aliposema mtaani anaogopa wimbi la pili, ilibidi umuulize vizuri anaogopa nini. Kulikuwa na walioogopa kukosa hewa. Kulikuwa na walioogopa karao. Kulikuwa na walioogopa kodi ya nyumba tarehe tano, na karantini ile ya Aprili ambapo watu walifungiwa wiki kadhaa na kudaiwa bili juu yake, hadi wengine wakaonekana kwenye vidio wakiruka ukuta. Hofu hizo zote ziliitwa jina moja, na jina hilo ni la baharini.

Hadithi iliyonikaa zaidi kutoka ile lokdauni ya kwanza haikutoka Afya House. Ilitoka Mombasa, mwisho wa Aprili. Mama mjane, mwenye watoto wanane, aliyekuwa akifulia watu nguo, alikosa kazi kwa sababu hakuna aliyetaka mtu wa nje aguse nguo zake. Jioni moja aliweka sufuria motoni, akatia mawe, akawaambia watoto chakula kinakuja, akitumaini watalala wakingoja. Jirani akasikia vilio, habari ikafika kwa waandishi, na nchi nzima ikatuma pesa kwa simu.

Mtu yeyote aliyepita madrasa anaijua hadithi hii. Sayyidna Umar, Khalifa, alikuwa akitembea usiku nje ya Madina alipomkuta mwanamke na watoto wanaolia, na chungu motoni. Ukichungulia ndani hakuna chakula, ni maji tu. Wasimulizi wengi wanatia na mawe. Mama anawadanganya watoto mpaka usingizi uwachukue. Hamjui anayeongea naye, na anamlalamikia huyo huyo Khalifa asiyejali watu wake. Umar anarudi mjini hadi kwenye hazina, anachukua gunia la unga, na mtumishi wake anapotaka kulibeba anakataa: Siku ya Kiyama mzigo wake hatabebewa na mtu. Anabeba mwenyewe mgongoni, anapuliza moto mwenyewe, moshi ukimpita kwenye ndevu, anapika, na haondoki mpaka watoto washibe.

Sasa weka hadithi mbili hizi upande kwa upande. Chungu ni kile kile, mawe ni yale yale, hata kilio. Tofauti ya kwanza ni kwamba watoto wa Mombasa hawakulala. Mama mwenyewe alieleza kuwa watoto walishajua wanadanganywa, na walimwambia. Watoto wa hadithi hulala kwa sababu hadithi inawahitaji walale. Wa kweli wana njaa na wana akili.

Tofauti ya pili ni kwamba Khalifa hayumo. Si kwamba alikuja akachelewa, au alikuja akafukuzwa. Nafasi yake yenyewe imeondolewa kwenye masimulizi. Nilitazama jinsi habari ile ilivyosimuliwa, na karibu kila mahali iliishia pale pale: ukarimu wa Wakenya, tazama majirani, tazama simu zikilia. Na ni kweli ulikuwa ukarimu, na jirani yule ni mtu ninayetamani ningekuwa naye kwenye ploti yangu. Lakini hadithi ya zamani ilisimuliwa kwa karne nyingi ili mtawala aisikie, na gunia ndilo kiini chake. Sisi tulichukua chungu tukaacha gunia. Tukaifanya iwe hadithi ya wema wa maskini kwa maskini, ambayo mtawala anaweza kuitazama jioni kwenye taarifa ya habari, akaguswa, na akabadilisha chaneli.

Ni ufutaji ule ule wa upepo nyuma ya wimbi.

Kwa upande wetu, watu wa kalamu, sina sifa nyingi za kugawa. Nimesoma insha za lokdauni za Nairobi mwaka mzima, nyingine zimechapishwa na watu ninaowaheshimu, na naweza kukuandikia moja nikiwa nimefumba macho. Kuna dirisha. Kuna ndege ambaye mwandishi hakuwahi kumsikia akiimba kabla ya matatu kunyamaza. Kuna mkate uliokataa kuumuka, mazungumzo ya Zoom na rafiki aliyeko Berlin, na aya moja katikati inayokumbuka kwamba kuna watu wa Mathare. Mhusika wake ni yule yule wa Kaa nyumbani, ila sasa amepewa nafsi ya kwanza umoja na huzuni. Upweke wake ni wa kweli, siubezi. Lakini wakazi wengi wa mji huu hawakupata upweke hata kidogo. Walifungiwa watu watano ndani ya chumba kimoja, na tatizo lao lilikuwa pa kuvutia pumzi. Riwaya ya chumba kile bado sijaiona. Mazungumzo ya kunong'ona usiku kati ya mume na mke, watoto wakiwa wamelala umbali wa mkono, kuhusu kama wamuuzie jirani runinga. Hiyo ndiyo lokdauni ya Pipeline na Kayole.

Wachekeshaji walituzidi. Elsa Majimbo, akiwa na simu, krispi na miwani midogo ya giza, alifanya jambo ambalo insha zetu zilishindwa: alikataa kuhuzunika. Kutwa alicheka kuhusu jinsi asivyomkosa mtu yeyote. Ni ucheshi wa mtu mwenye kitanda chake, ndiyo, lakini haujifanyi kitu kingine, na ule uvivu wake wa makusudi ulikuwa jibu zuri kwa miezi ya kukaripiwa kuwa tumelegea. Utawezana ya Femi One na Mejja nayo ilicheza kila mahali kuanzia Aprili, na sidhani ina neno moja la hekima kuhusu ugonjwa, jambo ambalo wakati ule lilikuwa huduma kwa umma.

Lakini kama ningepewa tuzo moja nigawe kwa kazi ya sanaa ya mwaka huo wa korona, ingeenda Kibera, kwa wasusi. Mtindo wa kufunga nywele kwa uzi ulikuwa umeachwa kwa mabibi na picha za zamani. Mei ukarudi: nywele za wasichana wadogo zikafungwa uzi mweusi, zikasimama kichwani kama miiba, na mtindo ukaitwa korona. Ulikuwa kama shilingi 50, wakati kusuka kwa rasta ni mia kadhaa, na wazazi waliokuwa wamepoteza kazi waliweza kulipa. Wengine waliutaka pia ili kuwaonyesha majirani wasioamini kwamba kirusi kipo kweli.

Fikiria kazi iliyofanywa na huo uzi. Serikali ilihangaika miezi kadhaa kufanya kitu kisichoonekana kionekane, kwa chati na mabango. Msusi alikiweka juu ya kichwa cha mtoto, kikapita sokoni kikiruka kamba. Kwenye mtindo huo bei ni sehemu ya maana. Ukiona miiba ile unaona ugonjwa na unaona uchumi wakati mmoja, hakuna kilichofichwa nyuma ya kingine. Msusi hakumkemea mtu. Alijua mteja wake ana shilingi ngapi, akaanzia hapo. Hotuba zote nilizosoma mwaka huo, sikukuta iliyoanzia hapo.

Wakati huo sikujua kama tungefungwa tena. Nilichojua ni kwamba jinsi Oktoba ilivyosimuliwa ndiyo ingeamua tufungwe vipi. Ikisimuliwa kama utundu wa mtoto, dawa ya utundu tuliijua, ilitembea na rungu na ilianza kazi saa nne usiku. Ikisimuliwa pamoja na upepo wake, basi orodha inabadilika. Inakuwa na vitanda vya wagonjwa mahututi kwenye kaunti. Inakuwa na bima na vifaa vya kujikinga kwa wahudumu wa afya, mambo ambayo chama cha madaktari kilikuwa kinayadai wakati huo kikitishia mgomo. Inakuwa na unga, na jina la atakayebeba gunia. Na inakuwa na wanasiasa kama wahusika wenye vitenzi vyao wenyewe, walioita mikutano, waliokodi magari, waliovua barakoa ili sauti itoke vizuri.

Wiki ile nilisikia taarifa nyingine kwenye redio ya matatu. Sampuli, waliopatikana, kaunti, waliopona, rambirambi. Karipio lilipoanza kondakta akaongeza sauti, akidhani sasa ndiyo itatajwa nauli.